Kapimwa remandi hana, katoka anao. Kaupata wapi?

#1 Kijana_wa_Barani
Salamu jamvini. Ndugu yangu mdogo alishikwa mwaka jana kwa kesi ya kuvunja duka, akakosa wa kumlipia dhamana, akatiwa remandi katika gereza moja hapa Pwani. Alipoingia tu alipimwa, akaambiwa hana virusi vya Ukimwi. Nilikwenda kumtembelea akaniambia mwenyewe, tena akicheka: "angalau hapo niko sawa." Kakaa mle karibu mwaka mzima, mashahidi hawakuja, kesi ikafutwa. Siku za mwisho alikuwa akikohoa na amekonda hadi mifupa ya mabega yahesabika. Wakampima tena: ana TB, na virusi anavyo.
Nyumbani Malindi sasa hakukaliki. Mama asema mwanawe kaharibiwa gerezani, tuishitaki serikali. Mjomba asema kijana alikuwa nao zamani. Mkewe hasemi neno. Nauliza wenye kujua: yawezekana mtu apimwe hana, kisha aonekane anao, bila kuupata mle ndani? Halafu habari hii sikuipata kwake yeye. Kuna afande alinipigia simu kuniambia. Hilo nalo limenikaa rohoni.

#2 Mpiga_Soga
Pole. Jibu fupi: yanayofanyika mle usiku twayajua sote. Uzi wa nini?

#3 Binti_Mkomani
@Mpiga_Soga wewe kila nyumba waingia na viatu. Mtu ana mgonjwa ndani.
Kijana, pole sana. Mimi niko Amu, yaani Lamu, sina elimu ya mambo haya, lakini nangoja kusoma.

#4 Sista_wa_Zamu
Kijana_wa_Barani, pole. Kazi yangu ilikuwa kupima na kutoa ushauri, na magerezani nimekwenda sana.
Kile kipimo cha kidole hakitafuti virusi vyenyewe. Chatafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na mwili huchukua karibu wiki tatu, kwa wengine hadi miezi mitatu, kabla hazijafika kiwango cha kuonekana. Aliyeambukizwa siku chache kabla ya kushikwa atatobolewa kidole, utatokea mstari mmoja tu, aambiwe hana. Na wakati huo huo damu yake imejaa virusi kuliko atakavyokuwa navyo miezi ya baadaye. Ndiyo sababu mtu huambiwa arudi kupimwa tena ikiwa kuna hatari ya karibuni. Gerezani pale ndipo uzi unapokatika. Kurudi kwako kwategemea mshauri amekuja, vifaa vipo, na wewe siku hiyo hukupakiwa kwenye lori la mahakamani.
Kwa hiyo ndiyo, yawezekana kabisa aliingia nao. Yawezekana pia aliupata ndani. Kwa karatasi moja huwezi kuapa.

#5 Mzee_Shela
Mwanangu, mimi naona ni wembe. Mahabusu akiingia hunyolewa kichwa, wembe mmoja vichwa kumi. Damu ya huyu yaingia kwa huyu. Hili silisikii likisemwa.

#6 Simba_wa_Gongoni
Mbona mwasumbuka? Kwa sheria ya Kenya kila mfungwa hupimwa kwa lazima akiingia na akitoka. Nenda kaombe faili, tarehe zote zimo.

#7 Sheria_Mkononi
@Simba_wa_Gongoni hiyo sheria umeisoma wapi? Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006, kifungu cha 13, yakataza kumlazimisha mtu yeyote kupimwa. Mfungwa hakutolewa. Anayeweza kulazimishwa ni aliyeshtakiwa kwa kosa la kingono. Ndugu wa Kijana kesi yake ni ya duka, kwa hiyo alistahili kuulizwa na angeweza kukataa.
La simu ya afande: kifungu cha 22 chakataza kutoa majibu ya mtu bila idhini yake ya maandishi. Kuna Baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya Ukimwi, limeundwa na sheria hiyo hiyo. Lakini mwenye haki ya kulalamika ni mdogo wako, ndugu yangu, maana siri ni yake.

#8 Teja_Mstaafu
Sheria ya karatasini naiheshimu, Sheria_Mkononi. Sasa niwaambie ilivyokuwa kwangu.
Mimi nilikuwa mtu wa unga, heroini, nimelala remandi zaidi ya mara moja. Asubuhi baada ya kuhesabiwa, tumechuchumaa wawili wawili, afande asema: "Wageni wote, mstari ule." Hakuna aliyesema lazima. Hakuna aliyesema si lazima. Mbele kuna meza chini ya mti na dada mmoja na kisanduku chake. Kidole, tone la damu, matone mawili ya ile dawa, weka pembeni. Vile vibao vimepangwa mezani kila kimoja na namba kwa kalamu, nasi tumekaa hatua chache tunavitazama kama watu wanaongoja chapati. Dakika kumi na tano. Yule dada alijitahidi, aliita mmoja mmoja, akanong'ona. Lakini aliyekaa naye dakika mbili alijulikana hana, na aliyekaa naye nusu saa... nani hakujua? Mwenzangu mmoja alirudi pale, mtu wa ubavuni pake akahamisha blanketi.
Mara ya pili nilipoingia niliambiwa nipime nikasema nimeshapima. Uongo. Sikutaka nusu saa ile.

#9 Binti_Mkomani
Teja, nimesoma hii mara mbili. Allah akuzidishie afya.

#10 Sista_wa_Zamu
@Teja_Mstaafu umesema kweli na yaniuma, maana ile meza naijua. Tulijifunza baadaye kumkalisha kila mtu muda sawa, aliye nao na asiye nao. Ukipata chumba. Mara nyingi chumba chenyewe ni stoo ya magunia na afande yuko mlangoni "kwa usalama wako sista."
@Mzee_Shela shikamoo mzee. Wembe si kitu cha kuchangia, lakini kwa virusi vya Ukimwi hatari yake ni ndogo mno, havidumu nje ya mwili. Homa ya ini aina ya B ndiyo ya kuiogopa kwenye wembe. Hatari kubwa mle ni ngono bila kinga na sindano ya kuchangia.

#11 Mzee_Shela
Marahaba. Ndogo si sufuri.

#12 Tanga_Raha
Wakuu habari za Kenya. Mtoa mada, swali: kipimo cha pili walirudia mara ngapi? Siku hizi kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu anao.

#13 Sista_wa_Zamu
Tanga umeuliza la maana. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lapendekeza vipimo vitatu tofauti, vyote vionyeshe, ndipo mtu aambiwe anao. Na kabla ya kuanza dawa hurudiwa tena na mpimaji mwingine ikiwezekana. Kwa hiyo kosa la kumwambia mtu anao wakati hana limepungua sana. Kosa la upande wa pili, kumwambia hana wakati anao, hilo laingia kwa urahisi zaidi: siku za mwanzo, kibao kimekaa kwenye joto, kimesomwa mapema kabla dakika hazijatimia. Mpimaji ana watu themanini na jua la saa saba.

#14 Kijana_wa_Barani
Ahsanteni. Najibu kwa pamoja. Walirudia, ndiyo, hata hospitali alikopelekwa baada ya kutoka walirudia. Anao. CD4, ile hesabu ya chembe za kinga katika damu, wamesema iko 130 na kitu. Mjomba naye kaja na jipya: asema zamani kabla ya kushikwa aliwahi kuona kikopo cheupe cha dawa kwenye mkoba wake, akauliza, akaambiwa ni vitamini.

#15 Afande_Kiraka
Nilikuwa askari jela, nimestaafu. Nisemee upande wetu kidogo, maana hapa naona afande ni shetani.
Kwanza aliyepiga simu amekosea, silitetei hilo. Pili, mwalijua hili? Mahabusu wengi hutoa jina la uongo wakishikwa. Ali huwa Salim, Salim huwa Katana. Wengine hubadilishana: "Niitikie kwenye kupima, mimi naogopa sindano." Nimeona mtu mmoja ameitika mara tatu kwa sababu waliopimwa walipewa maziwa siku hiyo. Majibu yakaenda kwenye majina matatu. Sasa kijana wenu aliambiwa hana. Je, ni damu yake iliyopimwa?

#16 Mpiga_Soga
Maziwa! Mimi ningepimwa mpaka damu iishe.

#17 Sheria_Mkononi
Afande, ndugu wa Kijana alisema mwenyewe kwa kinywa chake kwamba alipimwa. Hakusema aliitikiwa.

#18 Afande_Kiraka
Na mtu aliyekwepa kipimo angekuambia nini kwenye dirisha la wageni, na kaka yako umefunga safari kumwona?

#19 Sista_wa_Zamu
CD4 ya 130 yanifanya niwaze. Kwa kawaida kushuka chini ya 200 huchukua miaka, si miezi. Hilo laegemea upande wa mjomba. Lakini TB nayo hushusha CD4, na hata maambukizi mapya kabisa huishusha kwa muda. Kwa hiyo sikati.
La kikopo: mtu anayemeza ARV, dawa za virusi, vizuri, hasa aliyeanza mapema, kingamwili zake zaweza kuwa chache na baadhi ya vipimo vikakosa, zaidi vile vya mate. Ni nadra. Ila hebu chukulieni alikuwa akimeza, akashikwa, akaogopa kusema, dawa zikakatika siku ya kwanza seli ya polisi. Mwaka mzima bila dawa kwenye chumba cha watu mia chenye TB. Mtu huyo angetoka hivi hivi alivyotoka.

#20 Teja_Mstaafu
Hiyo ya dawa kukatika ndiyo nimeiona sana. Ukishikwa Ijumaa jioni wakaa seli hadi Jumatatu, na kikopo kiko nyumbani. Ukimwambia afande nina dawa zangu, wenzako ishirini wasikia. Gerezani wapo waliokuwa wakizihamishia kwenye karatasi kwa sababu kikopo hulia ukitembea. Kile kimlio kila mfungwa akijua.

#21 MamaWawili
Ndugu zangu mwazungumza za wanaume tu. Mimi nilifungwa na mimba, nikajifungulia kifungoni. Kwa sheria mtoto hukaa na mama hadi miaka minne. Mimi nina virusi, nilikuwa kwenye dawa, na sista wa gereza alinishika vizuri, sina la kumlaumu. Mtoto alipotimiza wiki sita walimtoboa kisigino, damu ikapakwa kwenye kadi yenye viduara, ikaanikwa ikauke, ikapelekwa maabara mbali. Kwa mtoto mchanga kipimo cha kawaida hakifai kwa sababu huonyesha kingamwili za mama. Basi majibu hayajarudi nikatoka. Karatasi iko gerezani, mimi niko kijijini. Nilirudi langoni na mtoto mgongoni, watu walionijua wakidhani nimekamatwa tena. Alhamdulillahi, hana. Sasa yuko darasa la pili, mkorofi huyo.

#22 Binti_Mkomani
Mashallah. Bi, umenitoa matozi.

#23 Simba_wa_Gongoni
Sawa sawa. Lakini serikali nayo ina makosa. Mnawafungia watu wazima mwaka mzima, mwajua kinachotokea, na kondomu hamuwapi. Afrika Kusini na Lesotho wafungwa hupewa.

#24 Sheria_Mkononi
Kweli hupewa. Kwetu kikwazo ni kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu ngono ya jinsia moja, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Mkuu wa gereza atasema hawezi kugawa kifaa cha jambo ambalo ni kosa kisheria. Ukimuuliza basi kwa nini wapima, jibu lake sitaki kuliandika hapa.

#25 Mzee_Shela
Maadili yetu hayaruhusu, na sheria imefuata maadili. Mimi nalia na msongamano. Kijana wa kesi ya duka alifanya nini remandi mwaka mzima? Zamani wafungwa wa Amu walikuwa ndani ya ile Ngome kongwe pale, katikati ya mji. Mama apika, mtoto apeleka. Jela ile ilifungwa baada ya Uhuru, 1963, wakapelekwa mbali, na mambo yakaharibika.

#26 Binti_Mkomani
Mzee, Ngome iliendelea kuwa jela mpaka 1984, ndipo ikawa ya makumbusho. Baba yangu alikumbuka wafungwa wakitolewa asubuhi kufagia. Yeo ukiwa na mtu wako gereza la Hindi, kule bara, ni boti hadi Mokowe, kisha gari. Kwa mtu wa kibarua ni siku nzima imekwenda.
Na hii Shela yako ni ya Amu au ya Malindi?

#27 Mzee_Shela
Ya Malindi. Ile yenu imejaa mahoteli.

#28 Mpiga_Soga
Shela ya Malindi imejaa nini mzee, malaika?

#29 Tanga_Raha
Tukirudi kwenye mada wakuu. Hakuna kipimo cha kuonyesha mtu aliambukizwa lini? Familia ingetulia.

#30 Sista_wa_Zamu
Kipo cha kukisia kama maambukizi ni ya ndani ya mwaka mmoja hivi, ila ni cha kufuatilia mwenendo wa ugonjwa kwa watu wengi. Hakifai kumhukumia mtu mmoja, na aliyekuwa kwenye dawa au mwenye CD4 ya chini huweza kusomeka kimakosa. Yaani kwa mgonjwa wenu huyu huyu ndipo kingepotosha. Hata kulinganisha virusi vya watu wawili maabara hakuthibitishi nani alimpa nani. Damu haiandiki tarehe.

#31 Sheria_Mkononi
Ndiyo maana kuishitaki serikali kwa kuambukizwa ni mlima. Utathibitishaje aliingia hana, kwa kipimo ambacho sista kasema hakitoshi? Kile kifungu cha 24 cha ile Sheria ya Ukimwi kilichokuwa kikimshtaki mtu kwa kuambukiza, Mahakama Kuu ilikifuta 2015 kwa kuwa hakikueleweka chamkataza nani nini. Mlango ulio wazi zaidi ni wa matibabu: Katiba, ibara ya 43, na Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014. Alikohoa kwa muda gani kabla ya kupimwa? Aliomba daktari akanyimwa? Hayo yana tarehe na mashahidi.
Na mama asiogope kwamba TB yenyewe itamrudisha ndani. Kuna waliofungwa Kapsabet 2010 kwa kuacha dawa za TB, na 2016 Mahakama Kuu ikasema kuwatia gerezani kulivunja Katiba.

#32 Kijana_wa_Barani
Alikohoa muda mrefu. Nilimsikia mwenyewe nikadhani ni vumbi la mle. Hilo la tarehe nitamuuliza akipata nguvu.

#33 Afande_Kiraka
Zahanati ya gereza mara nyingi ni mtu mmoja na kabati. Na tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, washauri wengi waliokuwa wakilipwa na miradi waliambiwa wabaki nyumbani. Mwataka apimwe tena baada ya miezi mitatu. Na nani?

#34 Sista_wa_Zamu
Mimi ni mmoja wa waliobaki nyumbani, Afande. Haya tuyaache.
Kijana, kuna mtu sote tumemruka. Mkewe. Amepimwa?

#35 Kijana_wa_Barani
Mama hataki litajwe. Asema wakimpima akionekana hana, watu watasema basi kweli mwanawe kaupata kwa wanaume. Akionekana anao, watasema yeye ndiye aliyempa.

#36 MamaWawili
Mwambie mama kwa adabu: watu wa mtaa hawatamlea mjukuu. Huyo dada akiwa nao aanze dawa kesho. Akiwa hana, kuna vidonge vya kumkinga hadi virusi vya mumewe vishuke visionekane kwenye kipimo, na vikishakaa hivyo hamwambukizi kwa kulala naye. Mimi nina mume, hana, mwaka wa ngapi huu.

#37 Teja_Mstaafu
Naongeza. Asipelekwe na kaka, shemeji wala mama. Aende mwenyewe, au achukue kile cha kujipimia duka la dawa. Kikionyesha anao bado si mwisho, aende hospitali wahakikishe.
Na Kijana, niulize bila kukuvunjia heshima: mdogo wako alikuwa kwenye sindano? Wizi wa duka, kikopo cha siri, mimi hiyo picha naijua. Tangu 2015 hospitali ya Malindi yatoa methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, hunywi gizani tena, wanywa kwenye kikombe mbele ya muuguzi. Mimi ni wa hapo.

#38 Kijana_wa_Barani
...Alikuwa. Aliniambia ameacha.

#39 Simba_wa_Gongoni
Basi jibu limepatikana. Sindano, kabla ya jela. Uzi ufungwe.

#40 Afande_Kiraka
Usiufunge. Unga waingia na mle ndani, nimeukamata kwenye ugali. Na sindano ikiingia moja hutumiwa na wodi nzima. Kwa hiyo sindano haikuambii ni kabla au baada.

#41 Mzee_Shela
Wala wembe haujaondolewa.

#42 Mpiga_Soga
Mzee na wembe wake, mpaka tuzikane.

#43 Kijana_wa_Barani
Swali la mwisho kwa Sista kisha nimpelekee chakula. Wenzake pale kliniki hupewa kidonge kimoja kwa siku, yeye wamemwandikia kingine cha ziada usiku. Na mkojo umekuwa mwekundu, mama asema ni damu, ataka aache.

#44 Sista_wa_Zamu
Asiache. Wekundu ni rangi ya rifampisini, dawa ya TB, hata jasho na machozi huweza kugeuka rangi. Na hiyo rifampisini huimaliza dolutegraviri, dawa yake ya virusi, haraka mwilini, ndiyo maana amepewa ya pili saa kumi na mbili baada ya ile ya kwanza. Atarudi kwenye kidonge kimoja muda kidogo baada ya kumaliza TB, kliniki watamwambia lini.
Akiwa anafikiria methadoni, au alishaanza, awaambie wote wawili, wa TB na wa methadoni. Rifampisini huipunguza nayo, mtu hupata arosto, yale maumivu ya kukosa unga, akadhani dozi haifai, akarudi mtaani kutafuta. Aseme mapema waipandishe.

#45 Teja_Mstaafu
Kijana nimekutumia ujumbe wa faragha. Jumatatu asubuhi niko pale kliniki, nitamngoja langoni mimi mwenyewe. Mwambie asije na mtu.